Kipodozi "cha asili": uliza kilichomo ndani



Huku kwetu Mkata, mama au binti mwenye tatizo la ngozi akiulizwa anapaka nini usoni, mara nyingi jibu huwa ni hili: "Ni cha asili tu, hakina kemikali." Husema hivyo kwa nia njema. Kopo limechorwa karoti, papai au limau, na mchuuzi ameapa kwamba hakina madhara. Leo tulitazame neno hili "asili", kwa sababu ndiyo njia ambayo sumu nyingi huitumia kuingia majumbani mwetu.

Zebaki huchimbwa ardhini, nayo ni ya asili. Sumu ya nyoka ni ya asili pia. Kwa hiyo swali si kama kitu kimetoka shambani au kiwandani. Swali ni hili: kikifika kwenye ngozi kinafanya kazi gani, na kimewekwa kwa kipimo gani?

Rangi ni kinga

Ndani ya ngozi kuna chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Rangi hii ni mwavuli aliotupa Mwenyezi Mungu dhidi ya mionzi mikali ya jua. Umuhimu wake unaonekana kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao miili yao hutengeneza melanini kidogo mno na hivyo wako katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Ndiyo maana kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta maalumu ya kuwakinga na jua. Wakati wenzetu wanatafuta kinga hiyo kwa shida, sisi tunanunua dawa ya kuiondoa.

Karibu kila kipodozi cha kuchubua hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa melanini au kwa kudhuru chembe zinazoitengeneza.

Vitokanavyo na mimea

Liwa na manjano wametumia bibi zetu wa pwani tangu zamani kumpamba bi harusi. Hulainisha ngozi na kuipa harufu nzuri na mng'aro. Havimgeuzi mtu mweusi kuwa mweupe, wala havikukusudiwa hivyo. Ukiona "liwa" inayobadilisha rangi kwa wiki moja, jua kwamba kimechanganywa kitu kingine.

Ndimu ni jambo jingine. Maji yake yakipakwa usoni kisha mtu akatoka juani, yanaweza kuunguza ngozi, kutoa malengelenge na kuacha mabaka meusi kuliko rangi aliyotaka kuiondoa.

Ipo pia asidi ya koji, iliyogunduliwa Japani mwaka 1907 katika kuvu wa kuchachushia mchele. Upo urukususu, na vitamini C. Hivi hupunguza melanini taratibu na kwa kiasi kidogo, ingawa asidi ya koji huwawasha baadhi ya watu. Kisha kuna abutini, inayopatikana katika mimea kadhaa, hata kwenye maganda ya mapeasi. Hii kwa hakika ni haidrokwinoni iliyofungwa na sukari, na ikifika kwenye ngozi inaweza kufunguka. Kwa hiyo hata mmea unaweza kukupeleka kwenye kemikali ile ile unayoikimbia.

Vitatu vya kuogopwa

Cha kwanza ni haidrokwinoni, ambayo kwenye boksi huandikwa hydroquinone. Ni kemikali iliyotumika kusafishia picha enzi za filamu. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi walitokwa na mabaka meupe mikononi kutokana na glavu za mpira zenye kemikali ya jamii hii. Biashara ya kuchubua ikafuata. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza matokeo yake kwa wanawake walioitumia muda mrefu: mashavu yaliyogeuka meusi ya kibuluu, yenye vipele vigumu. Weusi huo ni mgumu sana kuutibu. Mwanamke hutafuta weupe akaambulia weusi usiotoka.

Cha pili ni zebaki. Tafuta maneno mercury, mercurous, mercuric, calomel au herufi Hg. Hii haibaki kwenye ngozi. Huingia katika damu na kwenda kwenye figo. Jirani zetu wa Nairobi walikwisha kuliona hili. Mwaka 1972 madaktari wa huko walichapisha taarifa ya wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu ya figo kuvujisha protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kuchubua zenye zebaki. Baadhi walipata nafuu walipoacha. Dalili nyingine ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi na kusahausahau.

Cha tatu ni dawa za steroidi, kama clobetasol na betamethasone. Hizi ni dawa halali za hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi. Zikipakwa kila siku mwili mzima, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupasuka michirizi, hutoka chunusi, na fangasi huenea. Sukari na shinikizo la damu vinaweza kupanda, na kidonda cha upasuaji huchelewa kupona.

Mkorogo unaochanganywa vichochoroni huweza kuwa na vyote vitatu kwa pamoja, na hauna maandishi ya kusoma.

Si mwili wako peke yako

Mama anayepaka zebaki anaiacha kwenye taulo, mto na kanga ya kubebea mtoto. Mtoto anayemkumbatia huipata, na aliye tumboni pia, kwani zebaki hupita kwenye kondo la nyuma. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha sehemu 1 ya zebaki katika milioni 1 kwa vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukomesha vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Sabuni yenye asilimia 1 tu ya zebaki imekizidi kikomo hicho cha awali mara 10,000.

Hapa nchini vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku. Zamani usimamizi ulikuwa chini ya TFDA. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS.

La kufanya

Soma maandishi kabla ya kununua. Kipodozi kisichoandikwa kilichomo, au kinachoahidi weupe kwa siku saba, kiache dukani. Chenye zebaki au haidrokwinoni acha leo. Lakini kama umepaka krimu ya steroidi kwa miezi mingi, usiikate ghafla peke yako, kwa kuwa ngozi inaweza kulipuka na mwili kuishiwa nguvu. Nenda kituo cha afya na kopo lako mkononi, upunguziwe kwa utaratibu. Usione haya; tabibu hataweza kukusaidia ukimficha. Ukiona uso au miguu inavimba, au mkojo una povu, usingoje.

Nanyi akina baba, sikilizeni. Binti hujichubua akisikia mweupe akisifiwa barazani na mweusi akitaniwa. Mume anayemlinganisha mkewe na mke wa jirani amekwisha kumnunulia mkorogo bila kutoa senti.

Dini yetu haikukataza kujipamba, wala haikukataza kutibu ugonjwa wa ngozi. Iliyokataza ni kujidhuru. Na Qur'ani imetufundisha kwamba kutofautiana kwa rangi zetu ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu (S.W.), kama ilivyo kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Ishara hiyo ioshe kwa maji safi, ipake mafuta ya nazi, na ikinge na jua kali kwa mtandio wako.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema sisi na vizazi vyetu. Amin.