Imani Ndani ya Basi la Mandera (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliachana na swali: muumini hujulikana wapi, ndani ya nyumba ya ibada au nje yake? Leo twende Mandera, kaunti ya Kenya inayopakana na Somalia na Ethiopia.

Tarehe 22 Novemba 2014 wanamgambo wa al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Nairobi. Abiria waliamriwa watamke shahada. Walioshindwa walitengwa na kupigwa risasi. Walikufa watu 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao likizo. Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, wauaji walichambua watu kwa dini vilevile, na watu 148 wakauawa.

Mbinu hii inamlenga pia aliyeachwa hai. Mwislamu aliyenusurika anarudi mtaani na watu wanamtazama kwa jicho la shaka, ilhali hakuomba kusalimishwa. Jirani waliyeazimana naye chumvi jana leo anamsalimu kwa mbali.

Ndipo ikaja 21 Desemba 2015. Basi jingine, safari hii likienda Mandera, lilimiminiwa risasi karibu na El Wak. Washambuliaji wakataka Waislamu wajitenge. Wakagoma, wakawaambia ama wawaue wote ama wawaache wote. Wanawake walikuwa wameshawatandia mitandio wenzao Wakristo ili wasitambulike. Hapakuwa na nafasi ya kwenda kuuliza fatwa! Watu wawili waliuawa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi.

Wakisimulia kisa hiki, masheikh hutaja aya ya 32 ya Surat al-Maida, na wachungaji humtaja Msamaria mwema. Hewala. Ila Msamaria alimwokoa mtu asiyemjua, na hapa nadhani mahubiri yanaruka jambo. Baada ya mauaji ya 2014, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini mashariki, na madarasa yakakaa bila wa kufundisha. Naibu mwalimu mkuu ndiye hupanga ratiba ya vipindi. Pengo la mwalimu wa hesabu analiona kwa jina na kwa saa. Kwa Salah, nadhani, Mkristo kutoka bara hakuwa mtu asiyemjua, bali mwenzake wa chai ya saa nne, mtu wa kusahihisha naye mitihani. Mimi naamini ujasiri wa ndani ya basi ulianza kulelewa huko, katika mazoea ya kazi ambayo hakuna aliyeyaita ibada.

Serikali ilimtunuku Salah nishani baada ya kifo chake. Filamu fupi ya *Watu Wote* ya 2017, iliyotokana na tukio hilo, ikafika hadi kuwania tuzo ya Oscar.

Hata hivyo, Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Vyumba vingi vya walimu, mahali pale pale ambapo watu wa dini mbili walizoeana, vikabaki na watu wa upande mmoja. Juma lijalo tutaona nani alishika chaki.