Usinunue Megapikseli, Nunua Kamera

Bumu likiingia, wapo wanachuo wenzetu wa Kasulu na Kibondo wanaotaka kamera ya kujifunzia, ili likizo wapige harusi na mahafali huko nyumbani na kujipatia chochote. Wazo zuri. Shida ni kwamba dukani wengi wanauliza swali moja tu: "Ina megapikseli ngapi?" Muuzaji anataja namba kubwa, hela inatoka.

Namba ile inasema picha ina nukta ngapi. Haisemi nukta zenyewe ni safi kiasi gani. Kusafisha picha ya ukubwa wa A4 ikatoka vizuri, unahitaji kama megapikseli 9 tu. Nikon D3200 ya mwaka 2012 ina 24, na Canon EOS 700D ya 2013 ina 18. Zinatosha na kubaki, na siku hizi zinapatikana mtumba.

Cha kwanza kuangalia ni kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Eneo la kihisi cha kamera hizo mbili ni zaidi ya mara 10 ya kile cha kamera nyingi ndogo za mfukoni. Ni kama ndoo na kikombe vilivyoachwa nje kwenye mvua: ndoo inakinga maji mengi zaidi. Ndiyo maana ukimpiga bibi jikoni kwa mwanga wa moto, kamera ndogo inakuletea chembechembe.

Cha pili ni lenzi. Ile ya 18-55 inayokuja na kamera, ukivuta hadi mwisho, tundu lake linaishia f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwa ukumbi wenye taa mbili, hiyo ndiyo mkombozi. Ila angalizo: D3200 haina mota ya kufokasi, kwa hiyo chukua lenzi iliyoandikwa AF-S.

Cha tatu, hakikisha ina M kwenye kile kigurudumu cha juu. Hapo unapanga mwenyewe tundu la lenzi, mwendo wa shata na ISO. Bila hivyo, kamera inaamua kila kitu na wewe hujifunzi.

Kabla ya kulipa mtumba, weka f/22 upige ukuta mweupe. Madoa meusi yakitokea, kihisi kina vumbi. Mulika lenzi kwa tochi. Ukiona kitu kama utando wa buibui, ni ukungu umeota, iache.

Na ukishafika nyumbani, usibadilishe lenzi barabarani kiangazi. Lile vumbi jekundu la kwetu unalijua. Ingia ndani, funga mlango, kamera itazame chini, ndipo ubadilishe.

Hela ikiwa ndogo, punguza kwenye kamera, siyo kwenye lenzi. Kamera utabadilisha, lenzi nzuri utahama nayo, mradi ubaki kwenye kampuni ileile.