Kambi ya Diego Garcia inakunywa maji gani?

Juzi baada ya sala ya alasiri tulikuwa barazani hapa Lamu, mazungumzo yakafika kwenye ndege za kivita za Marekani na kambi yao ya Diego Garcia. Mzee mmoja akauliza, "Na huko katikati ya bahari, watu wote hao wanakunywa nini?" Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jawabu la swali hilo linatugusa sisi wenyewe.

Diego Garcia ni kisiwa cha matumbawe katika Bahari Hindi, zaidi ya kilomita 3,500 mashariki ya Mombasa. Nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 30 tu. Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos na Mauritius mwaka 1965, na mwaka uliofuata ikakubaliana na Marekani kuhusu kambi. Wenyeji, wengi wao wazao wa watumwa waliotolewa Bukini na Afrika Mashariki kufanya kazi katika mashamba ya minazi, waliondolewa kati ya 1968 na 1973 wakapelekwa Mauritius na Shelisheli.

Karibu kila kitu cha kambi hutoka nje. Mafuta na mizigo mizito huja kwa meli, na vingine huletwa kwa ndege. Katika ghuba ya ndani hukaa meli zilizokwisha kupakiwa magari ya vita na silaha, ili vita vikizuka wasisubiri mzigo kutoka Marekani. Uwanja wa ndege una njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3.5, na ndege za B-52 ziliruka kutoka hapo katika vita vya Iraq mwaka 1991 na Afghanistan mwaka 2001.

Maji ya kunywa, hata hivyo, hutoka chini ya miguu yao. Kisiwa hupata mvua nyingi, na maji yake hupenya kwenye mchanga na matumbawe. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake chini ya ardhi. Kwa kipimo cha kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na kama mita 40 zilizo chini yake. Ndiyo maana huwezi kuchimba kisima kimoja kirefu na kuvuta kwa nguvu, kwani ukifanya hivyo chumvi hupanda na kisima kikaharibika. Huko wametandaza visima vingi vifupi, na kila kimoja huvutwa kidogo kidogo.

Kwa upande wa ulinzi, umbali ndio ukuta wao. Hakuna mji, soko wala wavuvi wa jirani, na hakuna anayeingia bila kibali. Tofauti yake tunaijua. Hapa kwetu Manda Bay, kambi iliyo karibu na vijiji na msitu, Al-Shabaab walivamia alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 na kuua Wamarekani 3.

Lakini umbali wote ule haukuyalinda maji. Mwaka 1991 iligunduliwa kwamba mafuta ya ndege yamevuja kutoka mabomba yaliyofukiwa karibu na uwanja, yakaingia katika maji ya chini, na visima vya eneo hilo vikafungwa. Hakuna adui aliyefika. Madhara yalitoka kwenye bomba lao wenyewe, na kusafisha mchanga uliokwisha kunywa mafuta ni kazi ya miaka.

Sasa turudi nyumbani. Mji wa Lamu unakunywa maji ya visima vya Shela, na visima hivyo hutegemea matuta ya mchanga yanayopokea mvua na kuihifadhi kwa njia ile ile. Anayeyaona matuta hayo kuwa kiwanja kitupu cha kujengea, au mahali pa kuchota mchanga wa kuuza, hajui kwamba amesimama juu ya birika letu. Kila nyumba inayojengwa pale huja na choo chake, na uchafu wa choo hupita mchangani kama mvua inavyopita.

Jeshi tajiri kuliko yote duniani lilipoharibu visima vyake, lilikuwa na meli, ndege na fedha za kujiokoa. Sisi tuna punda na madumu. Kwa hiyo ukisikia kiwanja kinauzwa juu ya matuta ya Shela, usiseme hayakuhusu. Uliza nani ametoa kibali, na uulize mapema, kabla msingi haujachimbwa.