Kijana Akienda Ujerumani kwa Mafunzo, Anaishi Vipi?

Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa wafanyakazi na uhamiaji mjini Berlin mnamo Septemba 2024, mikutano ya kikundi chetu haiishi kabla mzazi mmoja hajanivuta kando. Wananiuliza mimi kwa sababu mtoto wa kaka yangu, ambaye anasomea mambo ya maji, alikuwa Berlin kwa mafunzo ya kazi kuanzia Juni hadi Agosti 2024. Swali ni lile lile: ati wanalipwa ngapi? Hakuna anayeuliza kijana atakula nini siku ya Jumapili. Leo nitaeleza hilo la pili, na la kwanza tutalijibu njiani.

Tuanze na pesa basi, tulimalize. Sheria ya Ujerumani ina mshahara wa chini, na mwaka 2024 ulikuwa yuro 12.41 kwa saa. Lakini sheria hiyo hiyo inawaacha nje wanafunzi ambao mafunzo yao ni sehemu ya masomo. Mwenye kazi anaweza kuwapa kidogo, au asiwape kitu. Kijana wetu alipata posho, na akishalipa kodi ya chumba, zinabaki za chakula na nauli. Sisi huku hatukujua. Mimi mwenyewe, wiki ya tatu tu, nilimpigia simu nikamwomba atume pesa za mabati ya nyumba ya nyanya yake. Akatuma. Baadaye ndiyo nikasikia kwamba alikuwa anakula mkate mkavu na chai, mchana na jioni, na akitoka kazini anajifungia chumbani. Aliona mlango ukifunguliwa tu, pesa zitatoka.

Mtu akikaa hivyo wiki nne katika nchi ya watu, anaanza kuharibika. Usingizi ulimpotea. Tarehe 25 Juni, siku vijana walipoingia Bungeni Nairobi, alikesha akiangalia simu, na asubuhi hakuwa na mtu wa kumwambia. Kazini alianza kukosea vipimo.

Aliyemwokoa ni mama mmoja wa pale kazini, mtu mzima. Alimwuliza Jumatatu, "Jumamosi ulikuwa wapi?" Akajibu, "Chumbani." Yule mama hakuelewa kabisa. Jua lote hili, na wewe uko chumbani?

Hapo inabidi nieleze habari ya jua. Juni na Julai, wakati sisi tunatafuta sweta, kule ndio msimu wa joto. Mwishoni mwa Juni jua la Berlin linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama kama saa tatu na nusu usiku. Nasema "usiku" kwa mazoea, maana saa zetu zimehesabiwa kwa jua, na kule hesabu inakataa: saa mbili usiku watoto wanacheza mpira nje na unaona vizuri. Desemba ni kinyume, jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo watu wa kule wanalichukua jua la miezi hiyo kama sisi tunavyochukua mvua ya kupanda. Haliachwi lipotee. Kazi ikiisha, kila mtu yuko nje, na mambo mengi ya nje ni ya bure.

Yule mama alimpeleka Tempelhof. Huo ulikuwa uwanja wa ndege, ule ule uliotumika kuleta chakula mjini wakati Berlin Magharibi ilipofungiwa barabara mwaka 1948 na 1949. Ulifungwa mwaka 2008, na 2010 wananchi wakafunguliwa kama uwanja wa kupumzikia. Ni zaidi ya hekta 300 katikati ya mji, hakuna kiingilio. Watu wanaendesha baiskeli pale ndege zilipokuwa zikikimbia, wengine wanalima mboga katika masanduku ya mbao, na kuna sehemu zilizotengwa za kuchoma nyama. Kijana wetu aliponusa moshi alisimama. Alidhani nyama choma ni yetu peke yetu! Wao wanachoma soseji zaidi, na kila mtu anakuja na chakula chake. Jumamosi iliyofuata alikwenda na mapaja ya kuku, chumvi na ndimu, akakaribishwa kwenye moto wa watu asiowajua.

Mwaka ule kulikuwa pia na mashindano ya mpira ya mataifa ya Ulaya. Karibu na Lango la Brandenburg serikali ya mji ilitandaza nyasi za bandia barabarani na kuweka skrini kubwa, bure. Fainali ilichezwa Berlin tarehe 14 Julai, Uhispania ikaifunga Uingereza 2-1. Anasema hiyo ndiyo siku ya kwanza alipiga kelele tangu aondoke nyumbani.

Nauli isiwatishe. Kuna tikiti ya mwezi ya nchi nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49. Mwaka 2025 ikawa 58, na Januari 2026 ikapanda hadi 63. Inapanda mabasi yote ya mji na treni zote za polepole, si zile za mwendo wa kasi. Hatari yake ni kwamba inajirudia yenyewe kila mwezi, na mtu asipoifuta kabla ya tarehe 10, anakatwa tena. Kwa tikiti hiyo alifika kwenye maziwa yanayozunguka Berlin, mengi yasiyo na kiingilio. (Wazazi wajue: sehemu nyingine watu huoga uchi bila haya, wazee kwa vijana. Yeye aligeuka nyuma mara moja.) Asiyejua kuogelea abaki penye maji ya magotini.

Chupa pia ni jambo la kujua. Ukinunua soda ya chupa ya plastiki au mkebe, unalipa senti 25 juu yake, na unarudishiwa ukiupeleka kwenye mashine ya duka. Chupa nne ni yuro moja, na mfuko mzima ni mkate na maziwa. Niliposikia kwamba wako wazee wanaookota hizo chupa mapipani, nilinyamaza kidogo. Ulaya tunayoichora vichwani haina wazee hao.

Na Jumapili? Maduka yanafungwa, isipokuwa machache kama yale ya stesheni kubwa. Si desturi tu. Pumziko la Jumapili liliandikwa katika katiba yao ya 1919, na ile ya 1949 ikalichukua. Jumapili ya kwanza kijana alilala njaa kwa kutojua. Kelele nazo haziruhusiwi siku hiyo, wala usiku kuanzia saa nne. Siku moja alikuwa akiongea na binamu zake kwa spika ya simu, jirani akagonga ukuta.

Kuhusu chakula, unga wa ugali upo katika maduka ya Waafrika, bei juu. Sukuma wiki ilimsumbua, kwa sababu kule ni mboga ya baridi na Julai huioni. Alitumia kabichi na spinachi. Stroberi za Juni, anasema, ni tamu mpaka unasahau.

Mwaka huu binti wa jirani yetu anajitayarisha kwenda. Familia imekaa kikao, nami nilikuwepo. Wamekubaliana hakuna kumwomba hata shilingi miezi hiyo mitatu, na atapiga simu Jumapili saa kumi na moja jioni ya hapa, ambayo kwao ni saa kumi. Akiongezewa muda akakaa hata baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zao zinarudishwa nyuma, na tofauti inakuwa saa mbili.