Darasa Lenye Kivuli na Hewa: Somo Kutoka Gando

Familia zetu hazichoki kuchangia ujenzi wa shule na madrasa. Hata hivyo, tunapochanga huuliza idadi ya matofali na mabati, na ni nadra kuuliza iwapo mtoto ataweza kukaa humo saa saba mchana na kufahamu anachofundishwa.

Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Kijijini hapakuwa na shule, hivyo akiwa na miaka 7 alipelekwa mjini, akasomea katika darasa la saruji lenye giza na joto kali. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Berlin, alichangisha fedha, na mwaka 2001 shule ya Gando ikakamilika.

Kuta zake ni za matofali ya udongo wa hapohapo, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Udongo huchelewesha joto la nje kupenya ndani. Dari ni ya matofali yenye nafasi, na juu yake paa la bati limeinuliwa kwa vyuma. Hewa ya moto hupanda, ikapita darini na kuchukuliwa na upepo. Hewa safi huingia madirishani. Bati limetokeza nje ya kuta, likizikinga na jua na mvua. Yote hayo hayahitaji umeme.

Mwanzoni wanakijiji walisita, kwani walizoea kuona nyumba za udongo zikibomolewa na mvua. Waliporidhika, watoto waliokota mawe ya msingi na akina mama wakabeba maji. Mwaka 2004 shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti, na humo Masahaba walipata elimu iliyoenea duniani.

Basi kamati zetu, kabla ya kununua saruji, zitazame jua linapochomoza na linapotua, upepo unakotoka, na mti gani usikatwe. Mchango wetu utakuwa umefika pale mtoto atakapoketi kwa utulivu na kumsikiliza mwalimu wake.