Kinga na Kinga: Sayansi ya Kuazimana Umeme wa Betri

Miongoni mwa vitu ambavyo tangu zamani jirani huviomba kwa jirani mwenzake, kama vile chumvi, kaa la moto, ngazi au jembe, zama zetu zimeongeza kimoja: umeme wa betri. Gari limelala usiku kucha na taa zimesahauliwa. Alfajiri ufunguo unapozungushwa, injini hainguruma, bali husikika mlio wa "ta-ta-ta" chini ya boneti. Mwenye gari huchukua waya zake akabisha hodi nyumba ya pili. Aghalabu husaidiwa. Lakini si mara chache hujibiwa: "Samahani sana, jirani, betri yangu sipendi iguswe." Ikiwa safari ilikuwa ya kwenda kazini, hasara ni saa moja au mbili. Ikiwa ndani ya nyumba yumo mama aliyeshikwa na uchungu, au mtoto mwenye degedege, saa nane za usiku, hasara yaweza kuwa ya maisha.

Ni wepesi kumwita mtu huyo mkaidi na kumnunia mwaka mzima. Hata hivyo, tukiyachunguza maneno ya wanaokataa, tutaona kwamba yana hofu tatu ndani yake: moja haina msingi, ya pili ina nusu ya ukweli, na ya tatu ni ya haki kabisa. Makala haya yanakusudia kuzitenganisha hofu hizo kwa kutumia kanuni za sayansi, ili anayeomba ajue namna ya kuomba, na anayeombwa ajue la kuogopa na lisilo la kuogopa.

Betri ni ghala la namna gani?

Betri ya gari ya kawaida haikubadilika sana katika msingi wake tangu Mfaransa Gaston Planté alipoivumbua mwaka 1859. Ndani yake mna mabamba ya risasi na mabamba yaliyopakwa dioksidi ya risasi, yote yakiwa yamezama katika asidi ya sulfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, asidi huungana na mabamba ya pande zote mbili na kuyafanya kuwa sulfeti ya risasi, na maji huongezeka. Inapochajiwa, mambo hugeuka: sulfeti huvunjika, asidi hurudi majini, na mabamba hurejea katika hali yake ya kwanza. Ndiyo maana fundi hupima uzito wa maji ya betri ili kujua chaji iliyobaki: kadiri asidi inavyopungua, ndivyo maji yanavyokuwa mepesi.

Kila seli hutoa volti 2.1 hivi. Betri ya gari dogo ina seli sita, na kwa hiyo ikijaa huonyesha volti 12.6. Ikishuka hadi 12.2 imebakiwa na nusu ya chaji, na ikifika chini ya 12 ni kama imekwisha. Msomaji atastaajabu kwamba tofauti baina ya betri iliyoshiba na iliyo taabani ni chini ya volti moja. Je, sehemu hiyo ndogo yawezaje kulizuia gari zima?

Kwa nini taa huwaka, na injini hukataa?

Jibu limo katika jambo liitwalo ukinzani wa ndani. Umeme unapotoka katika betri hauna budi kupita katika mabamba na asidi, na njia hiyo ina uzuizi wake. Katika betri nzima uzuizi huo ni mdogo mno, tuseme omu 0.01. Katika betri iliyokwisha, ambayo mabamba yake yamefunikwa na sulfeti, tuchukue kwa mfano kwamba umefika omu 0.06.

Sasa tuzingatie kazi mbili. Taa ndogo ya ndani ya gari hutumia ampea 0.4 tu. Zidisha kwa 0.06, nawe utapata upungufu wa volti 0.024, ambao jicho haliutambui. Taa itawaka vizuri. Lakini starta ya gari dogo la petroli huhitaji ampea 150 hivi. Zidisha kwa 0.06, nawe utapata upungufu wa volti 9. Betri iliyokuwa na volti 11.8 itabakiwa na 2.8, nguvu isiyoweza kuzungusha chochote. Ule mlio wa "ta-ta-ta" ni swichi ya sumaku ya starta: huvutwa na umeme, volti huanguka papo hapo, swichi huachia, volti hupanda, nayo huvutwa tena. Basi mtu asidanganyike kwa kuona taa za dashibodi. Taa huipima betri kwa mzigo wa unyoya, starta huipima kwa gunia.

Hofu ya kwanza: "Utanimalizia umeme wangu"

Hofu hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, nayo hesabu huiondoa. Starta ikivuta ampea 150 kwa sekunde 4, imetumia ampea-sekunde 600. Betri ya jirani yenye uwezo wa ampea-saa 45 ina ampea-sekunde 162,000. Kilichotumika ni sehemu moja kati ya 270. Injini ya jirani ikiwa inanguruma, alternata yake hurejesha kiasi hicho kwa nusu dakika, ikitoa ampea 20. Ni kweli kwamba kabla ya kuwasha tutangoja dakika chache ili betri iliyokwisha ipate chaji kidogo, lakini chaji hiyo hutoka katika alternata inayozungushwa na injini. Jirani atakuwa ametoa petroli kidogo mno. Anayetoa kaa moja la moto hazimi jiko lake.

Hofu ya pili: "Utaniharibia gari langu"

Hapa pana nusu ya ukweli. Kazi ikifanywa sawasawa, gari la msaada halidhuriki. Ikifanywa ovyo, laweza kudhurika sana.

Kosa kubwa ni kukosea ncha, yaani kuunga chanya ya betri moja na hasi ya nyingine. Hapo betri mbili husukuma mkondo upande mmoja, zikiwa na jumla ya volti 24 hivi katika mzunguko wenye ukinzani mdogo sana. Mamia ya ampea hupita. Waya hupata moto, na diodi za alternata huungua kwa kufumba na kufumbua.

Kosa la pili ni kuazima kwa gari lisilofaa. Malori mengi hutumia volti 24; kuliunga lori la namna hiyo na gari dogo la volti 12 ni kuliangamiza gari dogo. Hali kadhalika, magari ya haibridi yana betri ndogo ya volti 12 isiyokusudiwa kuzungusha starta, na watengenezaji wengi hukataza yasitumike kuwashia magari mengine. Jirani mwenye gari la aina hiyo akikataa, si mkaidi; amesoma kitabu cha gari lake.

Kosa la tatu limezoeleka katika gereji zetu. Fundi huazima betri ya jirani, huifunga katika gari bovu, huwasha, kisha huichomoa injini ikiwa inaendelea kunguruma, ili arudishe ile iliyokwisha. Mtindo huo ulivumilika katika magari ya zamani yenye dainamo. Katika gari lenye alternata, betri ndiyo inayotuliza volti. Ikiondolewa ghafla, volti huweza kuruka juu sana kwa muda mfupi na kuunguza diodi, au kompyuta inayoongoza injini, ambayo bei yake ni mara nyingi ya bei ya betri mpya.

Zaidi ya hayo, waya zenyewe huleta madhara. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 16, ukiwa na mita 3 kwenda na 3 kurudi, hupoteza volti 1 tu kwa mkondo wa ampea 150. Waya wa nyumbani wa milimita za mraba 2.5 ungepoteza volti 6, yaani nusu ya nguvu yote, na kutoa joto la wati 900 hivi, sawa na pasi ya umeme. Gari haliwaki, na mpira wa waya huyeyuka mkononi.

Hofu ya tatu: "Betri italipuka"

Hofu hii ni ya haki, nayo mara nyingi hudharauliwa. Betri inapochajiwa kwa nguvu, sehemu ya maji yake huvunjika kuwa gesi za hidrojeni na oksijeni, ambazo hutoka katika vitundu vya juu. Hidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifikia sehemu 4 katika 100 za hewa huweza kulipuka kwa cheche ndogo. Mlipuko huo hupasua kasha la betri na kurusha asidi usoni mwa aliyeinama juu yake. Sigara, kibatari, au ncha ya waya inayogusa ncha ya betri, yote hayo yanatosha kuuanzisha.

Asidi ikiingia machoni, dawa ya kwanza ni maji safi mengi, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha hospitali bila kuchelewa.

Utaratibu ulio salama

1. Hakikisha kwamba magari yote mawili ni ya volti sawa, hayagusani, na injini zote zimezimwa. Betri iliyopasuka au kuvimba isiguswe kabisa.

2. Unga waya mwekundu katika ncha chanya (+) ya betri iliyokwisha, kisha ncha yake ya pili katika chanya ya betri nzima.

3. Unga waya mweusi katika ncha hasi (–) ya betri nzima. Ncha yake ya mwisho usiiunge katika betri iliyokwisha. Iunge katika chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri.

4. Washa gari la msaada, ungoja dakika 3 hadi 5, kisha jaribu kuwasha gari bovu kwa muda usiozidi sekunde 10. Likikataa, pumzika kabla ya kujaribu tena, kwa maana starta hupata joto upesi.

5. Likiwaka, fungulia feni ya gari lililosaidiwa ili ipunguze mshtuko wa volti, kisha ondoa waya kwa kurudi nyuma: wa mwisho kuungwa ndio wa kwanza kutolewa.

Sababu ya hatua ya tatu yafaa ikumbukwe. Muungo wa mwisho ndio unaokamilisha mzunguko, kwa hiyo ndio unaotoa cheche. Hatuwezi kuizuia cheche, lakini twaweza kuchagua mahali pake, nasi twachagua pasipo na hidrojeni.

Je, kusukuma hakutoshi?

Pasipo jirani mwenye gari, huweza kupatikana majirani wenye mikono. Gari la gia za mkono husukumwa likiwa katika gia ya pili, klachi imekanyagwa na ufunguo umefunguliwa. Likishika mwendo, klachi huachiwa, na magurudumu huizungusha injini badala ya starta. Gari la gia za otomatiki haliwashwi hivyo, kwa sababu pampu ya gia yake huendeshwa na injini yenyewe. Injini ikilala, gia hazishiki. Na ikiwa betri imekwisha kabisa, hata gari la gia za mkono laweza kukataa, kwa kuwa pampu ya petroli na plagi hazina umeme. Tena ikumbukwe kwamba injini isiponguruma, breki na usukani huwa vizito mno. Kusukuma gari kwenye mteremko ni kucheza na maisha.

Mkopaji mkaidi

Haki hudai tumtazame pia anayeomba. Alternata si duka la dawa. Safari ya dakika 20 hairudishi ampea-saa 40 zilizopotea. Betri hutaka saa nyingi za kuchajiwa. Ikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa, sulfeti hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizovunjika tena, nayo betri hufa. Joto la pwani huharakisha kuchakaa kwa mabamba, na baridi ya nyanda za juu, kama Njombe mwezi wa Julai, hudhihirisha uchakavu huo, kwa maana oili huwa nzito wakati nguvu ya betri imepungua.

Basi anayekwama mara moja kwa kusahau taa ana haki ya kusaidiwa. Anayekuja kila asubuhi hana shida ya taa. Ana betri iliyochakaa, au alternata mbovu. Mita ya volti ya bei nafuu itamwambia. Injini ikinguruma, isome kati ya volti 13.8 na 14.4, isipofika hapo, alternata au mkanda wake vichunguzwe. Ikifika, lakini betri ikilala na chaji na kuamka chini ya volti 12 hali hakuna taa iliyoachwa, hiyo ni ya kubadilishwa. Jirani akimkataa mtu huyo mara ya tano, huenda ndiye anayemfaa zaidi.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Usemi huo wafaa hata kwa betri, mradi moto wenyewe uwake ndani ya injini na si juu ya betri. Waya nene mbili, mpango wa kuziunga uliobandikwa ndani ya boneti, na mazungumzo na jirani wakati wa mchana, kabla ya usiku wa shida kufika, ndiyo matayarisho yanayohitajika.