Old English Sheepdog: Mbwa mrembo anayekula saa zako kila wiki

Ukimwona kwenye picha unatamani kumkumbatia hapo hapo. Manyoya ya kijivu na meupe yamemfunika mpaka macho hayaonekani, na akitembea anayumba kama dubu. Huyu ndiye Old English Sheepdog, mbwa wa wachungaji wa Uingereza.

Kwa Waingereza wengi, huyu ni mbwa wa tangazo. Tangu mwaka 1961 amekuwa akionekana kwenye matangazo ya rangi za Dulux, na umaarufu huo ulizifanya familia nyingi zimtamani. Lakini mambo yamebadilika. Mwaka 2020, Kennel Club, taasisi inayosajili mbwa nchini humo, ilisajili watoto wasiofika 300 wa aina hii. Kwa mara ya kwanza akaingia kwenye orodha ya mbwa wa asili ya Uingereza walio hatarini kutoweka.

Kwa nini mbwa anayependwa hivi akose wa kumfuga? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye manyoya yake.

Manyoya yenye tabaka mbili

Kazi yake ya asili ilikuwa kuswaga ng'ombe na kondoo kwenda sokoni, juani na mvuani. Ndiyo maana ana manyoya ya tabaka mbili: ya nje marefu na magumu kiasi, ya ndani laini na mazito yanayozuia maji na baridi.

Wachungaji wa zamani hawakuhangaika kumchana. Msimu wa kunyoa kondoo ukifika, na mbwa alinyolewa. Yale manyoya marefu yanayopepea unayoyaona leo ni mtindo wa mashindano na matangazo.

Tatizo ni kwamba manyoya yaliyokufa hayadondoki yote. Mengi hunasa ndani, yanasokotana na kuwa mafundo. Fundo likikomaa linavuta ngozi kila mbwa anapopiga hatua. Kama umewahi kusukwa nywele za kubana ukashindwa kulala, unaelewa. Tofauti ni kwamba wewe ukiamka unaweza kufumua.

Chini ya mafundo hayo unyevu unajificha, vidonda vinaanza, viroboto na kupe wanapata makazi. Na ukimtazama kwa nje, mbwa anaonekana mnene na mwenye afya tele.

Anachanwaje?

Andaa saa 3 hadi 4 kwa wiki, ukizigawa siku tofauti. Unahitaji brashi yenye meno ya chuma na kitana cha chuma.

1. Mlaze ubavu. Inua manyoya kwa mkono mmoja, ukiacha mstari wa ngozi unaonekana.
2. Chana kidogo kidogo kuanzia kwenye ngozi kwenda nje, kisha hamia mstari unaofuata. Brashi ya juu juu inadanganya, kwa sababu fundo liko chini.
3. Ukikuta fundo, usilivute. Litenganishe kwa vidole ukianzia kwenye ncha, kama unavyofumua nywele za mtoto.
4. Maliza na kitana. Kikikwama, bado hujamaliza.
5. Kagua nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole na sehemu ya haja. Huko ndiko mafundo na uchafu hupenda kukaa.

Usimwogeshe kabla ya kumchana, maana maji hukaza mafundo. Akishaoga mkaushe mpaka kwenye ngozi, kwa draya isiyo na moto mkali.

Kipindi kigumu zaidi ni mtoto anapokaribia mwaka mmoja, manyoya ya utotoni yanapoondoka na ya ukubwani kuingia. Hapo mafundo yanaweza kutokea karibu kila siku, na wafugaji wengi ndipo wanapokata tamaa.

Kama huna muda huo, mpunguze awe mfupi kila baada ya miezi michache. Si aibu, wala si ukatili. Ukatili ni kumwacha na mafundo ili apendeze kwenye picha.

Joto si rafiki yake

Huyu ni mbwa wa nchi ya baridi. Wakati wa joto mtembeze alfajiri au jioni, na maji na kivuli visikosekane. Akihema kwa nguvu sana, akitokwa udenda mwingi na kuyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi na umuwahishe kwa daktari. Kwa anayeishi mji kama Dar es Salaam au Mombasa, joto pekee ni sababu ya kufikiri mara mbili.

Bado ni mchungaji

Ni mpole na anapenda watu, ila ni mkubwa, kati ya kilo 30 na 45. Silika ya kuswaga haijamtoka. Watoto wakikimbia, anaweza kuwazunguka na kuwasukuma kwa mwili wake, na mtoto mdogo anaanguka. Anahitaji mazoezi ya saa moja au zaidi kila siku, na mafunzo tangu mdogo. Akikaa peke yake muda mrefu, atabweka mpaka majirani wakufuate.

Dawa ya kuwa nayo makini

Hili ni la kufa na kupona. Baadhi ya mbwa wa jamii ya wachungaji, akiwemo huyu na hasa Collie, wana kasoro kwenye jeni iitwayo MDR1. Kwa kawaida jeni hiyo husaidia kuzuia baadhi ya dawa zisirundikane kwenye ubongo. Ikiwa na kasoro, ulinzi huo haupo.

Dawa mojawapo ni ivamektini, ile ile inayotumika sana kwa minyoo na wadudu wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kipimo kikubwa kinaweza kumfanya mbwa mwenye kasoro hiyo ayumbe, atetemeke, apofuke, azimie, hata afe. Hata kula kinyesi cha mfugo aliyetoka kupewa dawa hiyo kunaweza kumdhuru.

Kwa hiyo usimkadirie mbwa dawa ya mifugo nyumbani. Mwambie daktari ni mbwa wa aina gani, na uulize kuhusu kipimo cha MDR1. Sampuli inaweza kuchukuliwa kwa kufuta ndani ya shavu tu.

Kabla hujamchukua

Mbwa huyu huishi takriban miaka 10 hadi 12. Piga hesabu ya saa 3 kila wiki kwa miaka yote hiyo. Kisha mtafute mtu anayemfuga na umwombe umchane mbwa wake mkubwa, mwili mzima, mpaka kitana kipite bila kukwama. Ukichoka kabla hujamgeuza ubavu wa pili, umeshapata jibu lako.